Anasubiri au Anatumaini? Hotuba kuhusu Neno la Kihispania "Esperar"

Walimu wangu mlioketi hapa mbele, ndugu zangu, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya tafsiri na ukalimani, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie ugumu wa kutafsiri kutoka Kihispania. Ningeweza kuja na maneno hamsini. Nimekuja na moja. Ni kitenzi ambacho mwanafunzi hukutana nacho wiki ya kwanza, akakiandika daftarini na maana yake pembeni, akageuza ukurasa. Mimi nina zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, na hadi leo nikikisikia hunyamaza kidogo kabla sijafungua mdomo. Neno lenyewe ni esperar.

Nianzie kituo cha basi, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kulielewa.

Nilikuwa mwanafunzi mgeni Havana, mwezi wangu wa kwanza. Kituo kilikuwa mtaa wa 23, upande wa Vedado, saa saba mchana, jua la utosi. Sasa foleni ya Havana si kama hizi zetu za kubanana mgongo kwa tumbo. Ukitazama kwa mbali utasema hakuna foleni kabisa: huyu ameegemea ukuta, yule amekaa ngazini, wengine wako chini ya mti upande wa pili wa barabara. Lakini foleni ipo, imo vichwani mwa watu. Ukifika unapaza sauti, "¿El último?" yaani nani wa mwisho hapa? Mtu mmoja anajibu, "Yo." Ni mimi. Basi, tangu hapo wa mwisho ni wewe, mpaka aje mwingine aulize. Mradi unamjua uliyemfuata, nenda kakae kivulini.

Niliyemfuata mimi alikuwa bibi mmoja mwenye mfuko wa mikate. Nikataka kujizoeza lugha, nikamuuliza swali ambalo jibu lake nalijua: "¿Qué espera usted?" Unangoja nini, bibi? Akanitazama kwa upole, akasema: "La guagua, mija, y que venga vacía."

Guagua kwa Wacuba ni basi. Mija ni mwanangu. Nikajaribu kuligeuza jibu lile kichwani: "Basi, mwanangu, na..." Nikakwama. Basi analingoja, hilo sawa. Lakini lile la pili, kwamba lije tupu, halingoji. Analitamani, analiombea. Kwa Kiswahili ingenibidi niseme, "Nangoja basi, na natumaini litakuja tupu." Vitenzi viwili. Yeye alitumia kimoja, tena hata hakukitamka mwenyewe, kwani kilikuwa kimo katika swali langu. Kitenzi kimoja kikamchukulia basi na dua kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa pale kituoni aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Guagua ilikuja baada ya dakika arobaini. Haikuwa tupu.

Jioni ile nilifungua kamusi. Nawaomba na nyinyi mkirudi nyumbani mfungue ile ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713 kuilinda lugha yao. Kwenye esperar mtakuta kwamba maana inayotangulia si kungoja. Inayotangulia ni kuwa na tumaini la kupata unachokitaka. Inafuata kuamini kwamba jambo fulani litatokea. Kungoja kunakuja baada ya hayo, tena kumefafanuliwa kwa namna ambayo naipenda sana: ni kubaki mahali ambapo inaaminika kwamba mtu atafika, au jambo litatokea. Sikilizeni tena, inaaminika. Hata pale ambapo neno lina maana ya kungoja tu, imani imo ndani yake. Mtu asiyeamini kwamba basi litakuja hayuko kituoni. Ameshaanza kutembea.

Chimbuko lake ni Kilatini. Warumi walikuwa na sperare, kutumaini, na mbali kabisa na hilo walikuwa na exspectare, kuangalia nje, kukodoa macho njiani ukimtazamia anayekuja. Lugha zilizozaliwa na Kilatini ziligawana urithi huo kila moja kivyake. Wafaransa na Waitaliano waliyaacha mambo hayo mawili mbalimbali: Mfaransa ana espérer ya kutumaini na attendre ya kungoja, Muitaliano ana sperare na aspettare. Wahispania, na majirani zao Wareno, wakafanya jambo jingine. Walichukua kitenzi cha kutumaini, wakakitwika na kazi ya kungoja. Kihispania cha kale kilikuwa na atender, ambacho nacho kilikuwa na maana ya kungoja, lakini polepole kikaenda upande wa kuhudumia na kusikiliza, na leo ukikisikia dukani ni muuzaji anakuhudumia. Kiti kikabaki wazi, esperar akakikalia.

Na mwaka 1887 daktari wa macho mmoja wa Warsaw, L. L. Zamenhof, alipotoa kijitabu cha lugha aliyoibuni ili mataifa yaelewane, alijiita Doktoro Esperanto, yaani Daktari Anayetumaini. Jina la utani likawa jina la lugha. Lakini angalieni alivyofanya huyu mtu aliyetaka lugha isiyo na utata: katika Kiesperanto kutumaini ni esperi, na kungoja ni atendi. Alivitenganisha tena.

Sasa njooni kwetu. Sisi katika jambo hili ni matajiri, na utajiri huo ndio mtihani wetu. Tuna ngoja. Tuna subiri, ambalo limetoka kwenye sabr ya Kiarabu na bado lina harufu ya ustahimilivu ndani yake. Tuna tumaini. Tuna tarajia. Tuna tazamia, ambalo mkilifumua mtalikuta jicho la Warumi: kutazama, kutazamia, kuelekeza macho kwa kitu ambacho hakijafika. Kila moja lina mahali pake. Na wazee wetu walijua tofauti yake vizuri sana, kwa sababu walituachia methali mbili ambazo kwa mtu asiyejua Kiswahili zinapingana: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hazipingani. Subira si ngoja ngoja. Anayesubiri ana kitu moyoni, anayengojangoja ana njaa tu.

Mhispania naye anasema, quien espera desespera. Jaribuni kuitafsiri hiyo. Anayengoja hukata tamaa? Anayetumaini huacha kutumaini? Desesperar ni esperar iliyong'olewa, na yenyewe ina nyuso mbili vilevile: ni kukata tamaa, na pia ni ule wazimu mdogo unaompata mtu aliyekalishwa benchi saa tatu bila kuitwa jina. "Me desespero," anasema, na huwa hana maana kwamba amepoteza imani na maisha. Ana maana kwamba kukaa kumemchosha roho. Mimi methali hiyo huitafsiri kwa ile yetu ya matumbo, na sijawahi kujuta.

Hapa niseme kitu kuhusu maneno yenye maana nyingi, maana mtaulizwa kwenye mtihani. Tukisema kaa, kuna kaa wa pwani mwenye magando, kuna kaa la moto, na kuna kaa kitako. Hayo hayana udugu, yamekutana tu kwenye sauti, kama abiria wasiojuana waliokaa kiti kimoja. Kihispania nacho kina hayo. Duelo ni pambano la watu wawili wenye panga, na duelo ni maombolezo ya msiba. La kwanza limetoka kwenye neno la Kilatini la vita, la pili kwenye neno la maumivu, yakaja kufanana uzeeni. Haya si magumu. Ukiona panga, ni pambano. Ukiona sanda, ni msiba. Ugumu uko kwa neno kama esperar ambalo maana zake ni ndugu wa tumbo moja, wanaishi nyumba moja na kuazimana nguo. Hapo muktadha wenyewe wakati mwingine haukwambii kitu, kwa kuwa msemaji hakuchagua. Lugha yake haikumlazimisha kuchagua. Wewe mkalimani ndiye unayelazimishwa, na unachagua kwa niaba yake bila yeye kujua.

Kuna vipimo, lakini. Na kipimo kikubwa ni kitu kidogo mno, herufi moja, a. Mtu akisema "Espero verte," anatumaini kukuona. Akisema "Espero a verte," anasubiri kwanza akuone, ndipo afanye jambo jingine. "Espero que llegue" ni natumaini atafika. "Espero a que llegue" ni nasubiri mpaka afike. Kwenye karatasi ni rahisi, unaona a au huioni. Kwenye sikio je? Chukueni mtu wa tatu: "Espera a que llegue." Irabu mbili za a zimekutana, moja inamezwa, na kinachotoka mdomoni mwa mtu anayezungumza kwa kasi ni "espera que llegue". Tofauti ya kusubiri na kutumaini imeyeyuka hewani. Huna pa kuishika ila kwa kumjua anayesemwa na hali aliyomo.

Kipimo kingine ni misemo iliyoganda. Sala de espera ni chumba cha kusubiria. Lista de espera ni orodha ya wanaosubiri nafasi, na mtu akiitafsiri orodha ya matumaini atakuwa amewadhihaki watu waliolala kituo cha mabasi siku mbili. Esperanza de vida, kwenye takwimu, haina tumaini hata chembe, ni hesabu ya miaka ambayo mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi. "No me lo esperaba" ni sikulitarajia hilo. "¿A qué esperas?" siyo swali kabisa, ni amri: unangoja nini, fanya! Na mtu akikwambia kwamba hilo unaweza kulisubiri umekaa, "puedes esperar sentado," usitafute kiti. Kwetu tungesema utasubiri sana.

Nilitaja guagua. Nirudi hapo kwa sababu iliwahi kunifundisha kwamba hata ukishakikamata kitenzi, kinachokifuata kinaweza kukugeuka. Bwenini kwetu alikuwepo dada mmoja wa Chile. Siku moja alipokea simu, akaja mbio amejaa furaha: "¡Mi hermana espera guagua!" Mimi nilikuwa nimekwishafunzwa na yule bibi wa kituoni, nikaona dada yake amesimama barabarani anangoja basi, nikashangaa furaha yote hiyo ya nini. Kumbe Chile, na nchi za milima ya Andes kwa jumla, guagua ni mtoto mchanga, neno waliloachiwa na Wakechua. Dada yake alikuwa mjamzito. Sentensi ileile ukiisema Havana inahusu usafiri, ukiisema Santiago inahusu uzazi. Tangu siku ile nikiletewa kazi huuliza kwanza: msemaji katoka wapi?

Na tukiwa kwenye uzazi, tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo neno hili linapopendeza kuliko kwingine kote. Mama mwenye mimba kwa Kihispania "está esperando". Anasubiri, anatumaini, basi, hakuna haja ya kutaja nini. Kuna msemo wa kizamani zaidi, wa heshima: yuko "en estado de buena esperanza", katika hali ya tumaini jema. Na Amerika Kusini miezi tisa huitwa la dulce espera, kungoja kutamu. Sisi tunasema mjamzito, mja aliye mzito. Tuliutazama mwili, wao wakautazama moyo. Sioni kwamba mmoja amekosea. Lakini mkitafsiri kadi ya pongezi, msiandike uzito pale palipoandikwa tumaini.

Jambo hili ni la kale sana kwao. Mwaka 656 maaskofu walikutana Toledo, katika mtaguso wa kumi wa mji ule, wakaamua kwamba sikukuu ya Mama wa Mungu iadhimishwe tarehe 18 Desemba, wiki moja kabla ya Noeli. Yaani siku ambayo mama yuko mwisho mwisho, mtoto karibu atazaliwa. Hadi leo tarehe hiyo Hispania ni siku ya Virgen de la Esperanza. Mkipita Seville mtaikuta sanamu ya Bikira Maria wanayoiita Macarena, au Esperanza Macarena, na rangi yake ni kijani, rangi ya tumaini kwa watu wale. Bikira wa Tumaini, Bikira Anayengoja: kwa Mhispania hizo si sifa mbili.

Kuna esperanza nyingine ambayo sisi watu wa pwani hatuwezi kuipita kimya. Rasi ya Tumaini Jema. Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488, na Wareno wakaipa jina hilo, Boa Esperança, kwa sababu ilionyesha kwamba njia ya baharini kwenda India inawezekana. Miaka kumi baadaye Vasco da Gama alikuwa Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Kilwa ikavamiwa, na Mombasa ikachomwa moto. Tunalitafsiri jina lile tangu darasa la nne, tumaini jema, tumaini jema, na tafsiri ni sahihi kabisa. Ila mtafsiri ana haki ya kuuliza, tumaini la nani?

Sasa Biblia. Naileta hapa kwa sababu ni mahali ambapo watafsiri wa Kiswahili walipambana na jambo hilihili, na unaweza kuona jasho lao. Isaya, sura ya 40, aya ya 31. Biblia ya Kihispania ambayo Waprotestanti wengi wameisoma, Reina-Valera, inasema "los que esperan a Jehová" watapata nguvu mpya. Los que esperan. Katika Biblia yetu ya Union tumezoea "wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya". Ngojea. Fungua ile ya Habari Njema, utakuta wanaomtumainia. Wakristo wa Kiswahili wanaojua aya hii kwa moyo wamegawanyika bila kujua: mmoja amepewa kungoja, mwingine amepewa kutumaini, na kila mmoja anahubiri alichopewa. Nimesikia mahubiri ya saa nzima yaliyojengwa juu ya kungoja pekee, mazuri sana. Msikilizaji wa Kihispania angepata yote mawili katika neno moja na mhubiri wake asingelazimika kusema lolote. Siwalaumu watafsiri wetu. Kila upande ulilazimika kukata, na upande mmoja ukadondoka.

Kwa nini nalifuatilia neno hili hivi, kama mtu anayedai deni? Nitawaeleza, halafu nitakaa.

Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari bingwa wapatao 100 kutoka Cuba, wakasambazwa katika hospitali za kaunti. Wengi walizungumza Kiingereza cha kutosha kazini. Lakini usiku, uchovu ukiingia, mtu hurudi kwenye lugha ya mama yake, na familia nyingi za wagonjwa hawana Kiingereza wala Kihispania. Nilikuwa nikiitwa kusaidia katika hospitali moja ya pwani. Si kazi ya mkataba, nilikuwa naitwa tu.

Usiku mmoja aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Hakuvaa kofia. Alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, hajitambui, mashine zinapumua kwa niaba yake. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kanga moja kajitanda na nyingine kajifunga, viatu kavua kaviweka sawasawa chini ya benchi kama mtu aliyeingia msikitini. Daktari, mwanamke wa makamo, alitoka akavua barakoa, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dile que esperamos que despierte mañana."

Mwambie kwamba esperamos azinduke kesho.

Nikamgeukia yule mama nikasema, "Mama, daktari anasema tunasubiri azinduke kesho."

Mnaona nilichofanya? Hakuna a pale. Esperamos que, si esperamos a que. Kanuni niliyowaeleza punde nilikuwa naijua tangu ujana. Lakini saa nane za usiku nilishika neno lililokuwa karibu. Na katika Kiswahili tunasubiri azinduke kesho ni taarifa. Ni kama tunasubiri basi la saa mbili. Kitu kinakuja, kilichobaki ni saa.

Asubuhi yule mama alikuja na themosi ya uji, shati la mwanawe lililopigwa pasi, na watu watatu wa ukoo. Wakaketi. Saa nne. Saa sita. Alasiri. Kila mlango ukifunguliwa shati lile linainuliwa kidogo kutoka mapajani. Mimi nilifika saa kumi na moja, na alipouona uso wangu tu akasema, bila hasira yoyote, "Mwanangu, si ulisema tunasubiri aamke leo? Mbona haamki?"

Nimelifikiri jambo lile kwa miaka. Ningesemaje? Natumaini peke yake isingetosha, kwa sababu ya kitu kimoja katika lugha yetu ambacho hatukitazami. Mhispania akitumaini, kitenzi kinachofuata hubadilika sura: despierte, si despertará. Ile e ya mwisho ni alama ya jambo ambalo bado halina hakika. Sisi tunayo e kama hiyo, azinduke, aje, afike, lakini ukiisikia tunavyozungumza kila siku, tunaiweka baada ya subiri, na baada ya tumaini tunaweka ta: natumaini atazinduka. Ata. Tumaini letu linazungumza kwa sauti ya ahadi. Ndiyo maana Waswahili hawaliachi peke yake. Tunaweka Mungu akipenda, Mwenyezi Mungu akijalia, inshallah. Watu wanadhani hayo ni mapambo ya mdomo. Ni sarufi, jamani. Yanafanya kazi ambayo kwa Mhispania inafanywa na herufi ile ya mwisho.

Na Mhispania mwenyewe anayo inshallah yake, ingawa wengi wao hawakumbuki ilikotoka. Wanasema ojalá, nayo ni Kiarabu cha Andalusia, Mungu angetaka, imebaki mdomoni mwao tangu enzi za Waislamu kule. Kila nikiisikia ojalá huona kwamba ukumbi wa nyumba yao na ukumbi wa nyumba yetu vina mlango mmoja wa nyuma.

Basi ningesema hivi: "Mama, daktari anasema hali ni nzito. Wanatumaini, inshallah, kwamba kesho huenda akazinduka." Maneno ni mengi kuliko ya daktari. Ndiyo aliyoyasema daktari.

Jioni ile nilichuchumaa mbele ya yule mama ili macho yetu yawe sawa. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu, si la daktari. Hakusema wanasubiri. Alisema wanatumaini. Hana hakika." Sikumficha kitu. Ndugu zake walinyamaza. Mmoja akaanza kulia kwa ndani.

Yaliyompata yule kijana baadaye ni ya familia yake, sitayasema hapa. Nitasema tu alichonijibu mama. Alilikunja shati upya, polepole, akaliweka ndani ya mfuko, akausukuma mfuko chini ya benchi karibu na viatu vyake. Akasema: "Haya. Basi na mimi nitatumaini. Lakini hapa siondoki."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, ameona nyuso zimebadilika. Akaniuliza mama amesema nini. Nikamjibu kwa Kihispania, na kwa mara ya kwanza tangu usiku uliopita sikulazimika kukata wala kuongeza.

"Dice que espera."